Kama Mungu Alijua Tangu Mbele, Sisi Tunachagua Nini?

Juma hili tunajibu swali la kikundi cha wamama wanaokausha ndagala kando ya ziwa. Walituletea kwa mdomo siku ya likelemba, nasi tukaahidi kuliandikia ukurasa huu.

Katika kartye yao mtoto wa miaka mitatu amekufa kwa kolera. Msibani kila aliyeingia alisema neno lile lile: ilikuwa imeandikwa, ni amri ya Mungu. Siku ya tatu mama mmoja akauliza kwa sauti: kama imeandikwa, hawa watu wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wanatusumbua na kloro kwa nini? Aliyepangiwa kufa atakufa, aliyepangiwa kuishi ataishi hata akinywa maji ya ziwa. Mwenzake akaongeza lililo gumu zaidi: na kama Mungu alijua kabla ya kuumba dunia kwamba fulani atakuwa mwizi, kosa la mwizi liko wapi?

Wazee waliwanyamazisha, wakasema hayo ni maswali ya kumkosea Mungu adabu. Sisi hatuoni hivyo. Swali hilo aliulizwa Mtume Muhammad (s.a.w.) mwenyewe, tena makaburini.

Habari hiyo iko katika Sahihi ya Bukhari na katika ya Muslim, na anayeisimulia ni Ali bin Abi Talib. Walikuwa kwenye mazishi huko Madina, katika makaburi ya Baqi. Mtume aliketi, watu wakamzunguka, naye akawa anachorachora udongo kwa kijiti huku ameinamisha kichwa. Akawaambia kwamba hakuna nafsi ambayo mahali pake, peponi au motoni, hapajaandikwa. Hapo mtu mmoja akauliza sawa kabisa na mama yetu wa ndagala: basi si tutegemee hayo yaliyoandikwa, tuache kutenda? Mtume hakumkaripia. Alimjibu kwamba watende, maana kila mmoja hurahisishiwa njia ya lile aliloumbiwa. Kisha akasoma aya za Sura ya 92, zinazomtaja anayetoa na kumcha Mungu, na yule anayefanya ubahili.

Tazameni alivyojibu. Aliulizwa kuhusu maandishi, akajibu kwa habari ya kazi. Mtu hajui jina lake limeandikwa wapi. Anachokijua ni kazi iliyo mbele ya mikono yake leo.

Kwa wamama wetu Wakristo wanaosoma hapa, tueleze kidogo. Mwislamu anaamini nguzo sita za imani: Mungu, malaika, vitabu, mitume, siku ya mwisho, na kadari, ya heri na ya shari. Walimu wa dini huigawa kadari katika mambo manne: Mungu anajua kila kitu, amekiandika, hakuna kinachotokea bila kutaka kwake, na yeye ndiye muumba wa vyote. Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Sura ya 18, inasema kwamba anayetaka aamini na anayetaka akufuru. Na Sura ya 13 inasema kwamba Mungu habadilishi hali ya watu mpaka wao wabadilishe yaliyo nafsini mwao. Yote mawili yamo, na Mwislamu hana ruhusa ya kuchukua moja na kulitupa jingine. (Wakristo msicheke. Swali hili liliwagawanya hata wenu, tangu Agostino mpaka Calvin.)

Tuanze na kujua. Je, kujua jambo ni kulisababisha? Sisi walimu tunalo jibu la darasani. Mwezi wa tano, kabla ya mtihani wa Serikali, mwalimu aliyekaa na darasa mwaka mzima anaweza kuandika kwenye karatasi majina ya watakaopita na watakaoanguka, akaikunja, akaifungia sandukuni. Matokeo yakitoka, karatasi ikafunguliwa na majina yakawa yale yale, hakuna mzazi mwenye akili atakayesema karatasi ndiyo iliyomwangusha mtoto. Mtoto alianguka kwa sababu hakusoma. Mwalimu alijua kwa kuwa alimjua mtoto.

Mfano huu ni mzuri, na misikiti mingi huutumia, lakini una mahali unapochechemea. Mwalimu hubahatisha. Mungu habahatishi. Halafu mwalimu hakumwumba mtoto, na Mungu ndiye aliyemwumba, pamoja na kichwa chake na uvivu wake na nyumba isiyo na taa aliyozaliwa ndani yake. Kwa hiyo mfano unatuonyesha jambo moja tu, kwamba ujuzi hausukumi mkono. Ukitaka ujibu kila kitu, utavunjika.

Mfano wa pili tunaupenda zaidi. Mtu anayesimama ufukweni Kalemie huiona mashua iliyo mbele yake tu. Aliye juu kilimani, kwa wakati mmoja, huiona ile iliyokwisha kuondoka na ile ambayo watu wa chini wataiona baada ya saa moja. Hakuisukuma hata moja. Kwetu kuna jana, leo na kesho, kwa kuwa tuko chini. Tunaposema Mungu alijua "tangu mbele", neno hilo mbele ni la kwetu sisi tunaoishi ndani ya siku.

Msidhani mambo haya yalikuwa ya kuongelea kivulini tu. Katika karne ya kwanza ya hijra watu walimwaga damu kwa ajili yake. Huko Basra, nchi ya Iraki, alikuwapo mtu aliyeitwa Ma'bad al-Juhani, ambaye alihubiri kwamba binadamu hutenda kwa uwezo wake mwenyewe, wala matendo yake hayakupangwa. Inasimuliwa kwamba alimwendea mwanachuoni mkubwa wa mji, Hasan al-Basri, kulalamika kwamba wafalme wanaua Waislamu na kunyang'anya mali zao, halafu wanasema matendo yao ni kwa kadari ya Mungu. Hasan akajibu kwamba maadui hao wa Mungu wamesema uongo. Wanachuoni wa Sunni walimkataa Ma'bad, kwa kuwa alikwenda mbali mno akamnyima Mungu kujua na kupanga, na mwisho wake aliuawa. Lakini lile lalamiko lake tunaona linafaa hata leo. Anayependa sana kusema "imeandikwa" mara nyingi ni yule aliyefaidika na jambo lenyewe.

Baadaye wakatokea wengine waliokwenda upande wa pili, wafuasi wa Jahm bin Safwan, wakasema binadamu ni kama unyoya kwenye upepo, hana lolote. Hao nao walikataliwa. Wamu'tazila wakasema mtu ndiye muumba wa matendo yake, la sivyo Mungu angekuwa dhalimu kwa kumwadhibu. Mmoja wa wanafunzi wao, Abul Hasan al-Ash'ari wa Basra, aliyekufa mwaka wa 324 wa hijra, aliwaacha alipokuwa na umri wa kama miaka 40, akatafuta njia ya katikati. Njia yake ndiyo iliyofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wa madhehebu ya Shafi. Na ni kwa misafara iliyotoka pwani, ikapita Ujiji na kuvuka ziwa, Uislamu ulifika upande wetu katika karne ya 19.

Al-Ash'ari alitumia neno la Kiarabu kasb, ambalo kwetu ni kuchuma. Mungu huumba tendo, mtu hulichuma. Mama akichuma embe, mwembe ni wa Mungu, mkono ni wa Mungu, nguvu ya kuinua mkono ni ya Mungu, lakini kuchuma kunaandikwa kwa jina la mama. Kama embe ni la jirani, hawezi kuusingizia mwembe.

Je, hilo linamaliza swali la mwizi? Kusema kweli, halimalizi lote. Waarabu hata walifanya methali: kitu kigumu kufahamika walikiita chembamba kuliko kasb ya al-Ash'ari. Sisi tunalishika kwa sababu linalinda mambo mawili ambayo tukilipoteza hata moja tumekwisha: kwamba Mungu hashangazwi na kitu, na kwamba mtu ataulizwa alichofanya kwa kutaka kwake. Tena kila mama anaijua tofauti hiyo nyumbani mwake bila kusoma kitabu. Mtoto akitetemeka kwa homa akaangusha kikombe, hapigwi. Akikitupa kwa hasira, anaulizwa. Hakuna mama anayewachanganya hao wawili. Na mwizi anayesema alipangiwa kuiba, jaribuni kumwibia simu yake muone kama atanyamaza na kusema na hiyo ilipangwa.

Sasa turudi kwenye kolera, maana ndiko swali lilikotoka.

Waislamu wa kwanza walikutana na ugonjwa wa kuambukiza ulioua maelfu. Ilikuwa tauni ya Amwas, huko Palestina na Shamu, mwaka wa 639 hivi. Khalifa Omari bin al-Khattab alikuwa safarini kwenda Shamu. Alipofika mahali panapoitwa Sargh, makamanda wakamjia, mkubwa wao akiwa Abu Ubaida bin al-Jarrah, wakamwambia tauni imeingia nchi ya mbele. Omari hakukata neno peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakatofautiana. Akawaita Ansari, wakatofautiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, nao kwa sauti moja wakasema turudi, usiwapeleke watu kwenye ugonjwa. Omari akatangaza kwamba asubuhi wanarudi Madina.

Abu Ubaida, mtu mcha Mungu, mmoja wa wale waliobashiriwa pepo, hakuridhika. Akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Omari alisikitika kwamba swali hilo limetoka kwa mtu kama yeye, kisha akajibu kwamba naam, wanaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampa mfano: kama ungekuwa na ngamia wako, ukashuka nao kwenye bonde lenye pande mbili, mmoja una majani na mwingine umekauka, je, si ukiwalisha penye majani ni kwa kadari ya Mungu, na ukiwalisha pakavu ni kwa kadari ya Mungu vilevile? Wakiwa katika hayo akaja Abdurahman bin Auf, ambaye hakuwapo kwenye mashauri. Akasema alimsikia Mtume akifundisha kwamba ukisikia tauni iko katika nchi, usiiingie, na ikitokea katika nchi uliyomo, usitoke kwa kuikimbia. Omari akamshukuru Mungu, akarudi.

Tungependa kila kikundi kisome habari hiyo mara mbili. Pande zote mbili za bonde zimo ndani ya kadari. Kwa hiyo kadari haiwezi kuwa sababu ya kuchagua ule uliokauka. Sisi tuna bonde letu hapa. Upande mmoja ni maji ya ziwa na ya Lukuga, yanayotekwa karibu na mahali watu wanapojisaidia na kufulia. Upande mwingine ni maji ya bomba, au maji yale yale ya ziwa yaliyotiwa kloro na kuachwa nusu saa kabla ya kunywewa, au yaliyochemshwa. Mama anayetembea na bidoni lake mpaka kwenye bomba hamkimbii Mungu. Anatoka kwenye kadari moja kwenda kwenye nyingine. Na siku bomba limekauka na makala ya kuchemshia ni ghali, hapo tusimhukumu mtu, maana kuchagua nako kuna mipaka yake, na Sura ya 2 inasema kwamba Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema kolera ni mipango ya Mungu tu. Kolera ina njia yake, na njia hiyo inajulikana: mdudu anatoka kwenye kinyesi, anaingia kwenye maji au mkononi, anafika kwenye bukari, anafika tumboni. Mtoto anaweza kukaukiwa maji na kufa kwa saa chache. Lakini mgonjwa akinyweshwa mapema na kufikishwa kituo cha afya, wanaokufa hawafiki mmoja katika 100. Kama pakiti za kunyweshea hazipo nyumbani, kijiko kidogo cha chumvi nusu, vijiko vidogo 6 vya sukari, lita 1 ya maji safi, vipimo vya kusawazisha si vya kurundika, anywe kidogo kidogo wakati mnaelekea kituoni. Msingoje kukuche. Mungu aliyeumba ugonjwa ndiye aliyeumba chumvi na sukari.

Tuongee kidogo juu ya neno ajali. Kwa Kiarabu, ajal ni muda uliowekwa, saa ya mtu ambayo haisogei mbele wala nyuma. Likaingia Kiswahili, na kwa mdomo wetu likageuka kuwa kugongwa na gari, kuzama, kuungua. Ndiyo maana tunasema ajali haina kinga, na kwa kusema hivyo tunawasamehe watu wengi wasiostahili. Mwezi wa Desemba 2014 mashua Mutambala ilipinduka katika ziwa hili letu, na watu zaidi ya 100 wakafa. Wakubwa walitaja upepo mkali na uzito uliozidi. Upepo ni wa Mungu. Lakini mizigo ilipakiwa na mikono ya watu, na abiria huhesabiwa na watu, na majaketi ya kuokolea hununuliwa na watu au hayanunuliwi. Saa ya kila aliyekufa ilijulikana kwa Mungu, hilo Mwislamu halikatai. Ila muda uliowekwa haumfutii mwenye mashua hesabu yake, kama vile siku ya kufa ya mtu aliyeuawa haimfutii muuaji. Bedui mmoja alimwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache huru na kumtegemea Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Hadithi hiyo iko kwa Tirmidhi, na tungependa ibandikwe kwenye kila gati.

Na shuleni tunaisikia kwa namna nyingine. Msichana wa miaka 14 anakosekana darasani juma zima. Tukiuliza, tunaambiwa bwana amepatikana, ni riziki yake, iliandikwa hivyo. Huyo kaka yake ambaye karo yake imelipwa, mbona yake hamkusubiri iandikwe? Sheria ya familia ya nchi yetu, iliyorekebishwa mwaka 2016, imeweka miaka 18 kwa msichana kama kwa mvulana. Wanaomwoza wanajua wanachofanya, na kalamu ni yao.

Hata hivyo hatutaki wamama watoke hapa wakidhani tumeifukuza kadari nyumbani. Ina kazi yake, na ni kubwa. Swali ni itumike wakati gani.

Kuna hadithi mashuhuri ya Musa na Adamu. Musa alimlaumu Adamu kwamba yeye ndiye aliyewatoa watu peponi. Adamu akamjibu: unanilaumu kwa jambo ambalo Mungu aliniandikia kabla sijaumbwa? Na Mtume akasema kwamba Adamu alimshinda Musa kwa hoja. Mtu mvivu akiisikia hadithi hii hufurahi sana. Lakini Ibn Taymiyya, mwanachuoni wa Dameski aliyekufa mwaka 1328, alieleza kwamba Musa hakuwa akiulizia dhambi, kwa sababu Adamu alikwisha kutubu na kusamehewa. Musa alilaumu msiba, yaani kutolewa peponi. Na kwa msiba mtu anayo haki ya kutaja kadari. Kwa kosa anaambiwa atubu. Wanachuoni wakalishika kama kanuni, na kwetu ndiyo funguo ya swali lote la kikundi chenu. Kabla jambo halijatokea, kazi yako ni kutenda. Likiisha kutokea na halirudi, hapo ndipo kadari inakuja kukaa nawe kwenye mkeka.

Katika Sahihi ya Muslim kuna mafundisho ya Mtume yanayofuata mpango huo huo: mtu afanye bidii katika linalomfaa, aombe msaada wa Mungu, asilegee, na likimpata jambo asiseme "lau ningefanya hivi ingekuwa hivi", kwa sababu neno lau hufungua kazi ya shetani. Bidii imetangulia. Kunyamaza kwa lau kumekuja nyuma. Tukigeuza mpango, tukaanza na kulegea kisha tukamaliza na lau, tumeharibu yote.

Kwa hiyo yule mama aliyefiwa. Tumesikia kwamba msibani baadhi ya wanawake walimwuliza maji aliyateka wapi, na kwa nini hakwenda kituoni usiku ule. Wengine walisema hayo nyuma ya nyumba, kwa sauti ya kusikika. Hiyo si elimu ya afya. Huyo mama hataki kuambiwa lau na mtu yeyote, anajiambia mwenyewe kila usiku. Kwake yeye, na kwa siku hizi, "ilikuwa imeandikwa" ni neno la haki na la huruma, mradi lisemwe naye au na anayempenda. Kikundi kikitaka kuuliza maji yalitoka wapi, na ni lazima kiulize, kiulize kwenye mkutano wa kartye, kwa chifu na kwa watu wa afya, kwa ajili ya watoto wanaobaki.

Bibi mmoja wa kikundi alituuliza pia: kama yameandikwa, dua ni ya nini? Tirmidhi amepokea hadithi isemayo kwamba hakuna kinachorudisha kadari ila dua. Al-Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliifafanua kwa ngao: ngao huzuia mshale, na kuwapo kwa mshale si sababu ya kuiacha ngao. Dua nayo ni katika yaliyoandikwa, kama kloro ilivyo.

Mliomba pia neno la kumwambia aliyefiwa ambalo si la kurudiarudia tu. Tunalo moja, katika Bukhari na Muslim. Binti yake Mtume alimtumia ujumbe kwamba mtoto wake anakata roho, aje. Mtume akamjibu kwa mjumbe, akampa salamu, akamkumbusha kwamba alichochukua Mungu ni chake na alichotoa ni chake, na kila kitu kwake kina muda uliowekwa (hapo ndipo lilipo lile neno ajal), basi avumilie na kutaraji malipo. Binti akatuma tena, akamwapia aje. Mtume akainuka, akaenda na wenzake. Wakampa mtoto mikononi, pumzi yake ikigonga kama maji ndani ya kiriba kikuukuu, na macho ya Mtume yakatoka machozi. Saad bin Ubada akashangaa, akamwuliza hayo ni nini. Akamwambia ni huruma, ambayo Mungu ameiweka ndani ya mioyo ya waja wake.